Kisu Mfukoni ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, nyinyi mnaosoma mkiishi Dzaleka na nyinyi mliopanga vyumba Area 49 hapa Lilongwe, leo tuzungumzie kitu kidogo ambacho vijana wengi hutembea nacho bila kujiuliza dini inasemaje. Nacho ni kisu cha kukunja, kile kinachokaa mfukoni pamoja na funguo na simu. Je, Muislamu amiliki kisu kizuri na atembee nacho?

Asili yake ni halali. Katika Surat al-Hadid, aya ya 25, Mwenyezi Mungu anakitaja chuma kuwa kina nguvu kali na pia kina manufaa kwa watu. Mambo hayo mawili yametajwa pamoja, na kisu chako kinayabeba yote mawili. Kinamenya muhogo, kinakata kamba ya mzigo, kinaondoa ganda la waya, kinachinja kuku wa Idi. Shaddad bin Aws (r.a.) amesimulia, katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa ihsani imefaradhishwa katika kila jambo, hata katika kuchinja: mtu anoe kisu chake na ampunguzie mnyama mateso. Kwa hiyo mwenye uwezo akinunua kisu bora, chenye makali yanayodumu, kiungo kisicholegea na kifungio kisichomkunjikia vidoleni, hajafanya israfu. Kisu butu humtesa mnyama, na humkata mwenyewe kwa sababu hulazimika kukikandamiza.

Lakini ubora wa chuma haumfanyi mwenye chuma kuwa bora. Kusini mwa Afrika kuna kisu cha kukunja mashuhuri kiitwacho Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni yake ya Afrika, kikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Mfanyakazi hukibeba kwenda kutafuta riziki yake, na mhuni naye hukibeba. Baadhi yake vimepambwa mwezi mwandamo na nyota kwenye mpini. Alama hizo haziwezi kukifanya kisu kuwa cha Kiislamu. Kinachokifanya kiwe cha Muislamu ni adabu ya mkono ulioshika mpini huo.

Na adabu hizo tumefundishwa. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) amepokea, na Bukhari na Muslim wameitoa, kwamba anayepita na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake asije akamjeruhi Muislamu. Tazameni: hakukatazwa kupita, ila alibebeshwa jukumu la usalama wa wenzake. Imepokelewa pia kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kupeana upanga ulio nje ya ala. Waswahili wana msemo, mtoto akililia wembe mpe. Sisi kwetu mtu mzima akiomba kisu hupewa kimekunjwa. Ama kumwelekezea mwenzako chuma kwa mzaha, kama wafanyavyo vijana bwenini, Abu Hurayra (r.a.) amesimulia kuwa malaika humlaani mwenye kufanya hivyo hata kama ni ndugu yake wa baba na mama.

Sasa tufike kwenye neno linalosemwa zaidi: "Mimi nakibeba kwa kujilinda." Hofu hiyo tunaijua. Njia zina giza, na simu ya mwanafunzi ni daftari lake na maktaba yake. Sheria yetu haimlaumu anayejitetea. Aliyeuawa akiitetea mali yake ametajwa kuwa shahidi. Hata hivyo, jichunguze. Ukigombana na mwenzako juu ya zamu ya maji au deni dogo, mkono wako unakwenda wapi? Ukienda mfukoni, basi kisu hicho hakikuwekwa kwa ajili ya mwizi. Abu Bakra (r.a.) amesimulia juu ya Waislamu wawili wanaokabiliana kwa panga zao: muuaji na aliyeuawa wote ni wa motoni, kwa kuwa na yule aliyeuawa alikuwa na hamu ya kumuua mwenziwe. Nia ndiyo iliyomhukumu. Na mwenye hasira aliyesimama ameamrishwa akae chini, ili apate muda. Kisu kilicho tayari mfukoni kinamnyang'anya muda huo.

Ndugu zangu, sisi si watu wa kusimuliwa jambo hili. Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, ikapokea waliokimbia Rwanda, Burundi na Kongo. Wazee wetu wengi waliyaona mapanga yaliyokuwa yakipalilia migomba yakigeuzwa kuwa ya kuwaulia majirani. Chuma kilikuwa kile kile cha jana. Mioyo ndiyo iliyobadilika. Mtoto wa mkimbizi anayetoa kisu katika ugomvi wa bweni anairudisha nyumbani habari ambayo mama yake alitembea nchi mbili kuikimbia. Kwa Kichewa, kuleka ni kuacha. Jina la mahali tunapoishi litukumbushe hilo.

Basi fanyeni haya. Someni kanuni za chuo na za bweni. Zikikataza kisu, kiacheni nyumbani, maana Surat al-Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize ahadi zao. Msitembee nacho pasipo kazi: askari aliye kizuizini hawezi kuisoma nia yako, na mkimbizi hana wa kumtetea haraka. Kikikaa na wewe, kikae kimekunjwa, safi, kimenolewa, na wadogo wasikifikie. Ukiwa na hasira, mpe rafiki unayemwamini akushikie. Na anayeogopa njia ya usiku atembee na wenzake. Jumuiya yetu ipange makundi ya kurudi pamoja baada ya Isha. Ulinzi huo hauhitaji kunolewa.

Ewe Mola wetu, ijaalie mikono yetu iwe ya manufaa, tuepushe na hasira inayotangulia akili, na wape amani wazazi wetu waliochoka kukimbia. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.