Nani Atashika Mnyororo?

Vijana wetu waliokwenda Unguja na kuitazama sanamu ya watumwa pale Kanisa Kuu la Mkunazini wamerudi na ombi. Wanataka tufanye mfano wake hapa Pemba: sanamu za udongo wa mfinyanzi, magunia, makuti na vyuma vikuukuu, zipangwe uani, na mbele yake uchezwe mchezo wa kuigiza juu ya utumwa wa kisiwa hiki. Wazee wengine wameguna, wakisema wafu hawachezewi. Mimi naona ombi ni jema, lakini ndani yake limo swali zito ambalo yatupasa kulijibu kabla udongo haujakandwa.

Sanamu ile iliwekwa 1998, kazi ya mchongaji wa Kiswidi, Clara Sörnäs. Watu watano wamesimama ndani ya shimo, na shingoni wana mnyororo wa chuma unaoelezwa kuwa ni wa enzi ile ile. Mtu huinama kuwatazama, akanyamaza. Lakini tazameni tena: shimoni wamo watumwa tu. Aliyewafunga hayumo, wala aliyewanunua hayumo. Mtazamaji aweza kuondoka amejaa huruma, asiulizwe lolote. Mchezo hauwezi hivyo. Mnyororo ukiingia jukwaani hauna budi kuwa mkononi mwa mtu.

Nilipokuwa nikiongoza michezo katika chuo cha ualimu niliona jambo hili mara nyingi: kila mwanachuo hutaka kuwa shujaa au mwenye kuonewa, na nafasi ya muovu hupewa aliyechelewa kufika. Na hapa kwetu muovu huyo atavikwa nini? Jibu jepesi ni kanzu, kilemba na jambia. Watu wote wataelewa mara moja. Na jirani zetu Waislamu, ambao ndio karibu watu wote wa kisiwa hiki, wataelewa mara moja pia kwamba Kanisa limewatangazia kuwa babu zao walikuwa mashetani na sisi tu malaika.

Je, itakuwa uongo? Si uongo wote. Wenye mashamba ya karafuu walikuwako, wala hatuwezi kuwafuta. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika zaidi, na karafuu zikataka mikono. Kwa hiyo hata baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa kulifunga soko mwezi Juni 1873, majahazi yaliendelea kuvusha watu kwa siri mpaka huku. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa meli ya vita ya Kiingereza London aliuawa karibu na kisiwa chetu alipoliendea jahazi la namna hiyo. Mambo haya ni ya Pemba, wala hayafai kusimuliwa kwa kunong'ona.

Lakini ukweli una watu wengi kuliko huyo mwenye kanzu. Walikuwako wakubwa wa bara waliouza jirani zao, matajiri wa Kihindi waliokopesha misafara, na Wafaransa walionunua watu Kilwa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao. Na sisi Waanglikana? Shirika la Kanisa la Uingereza la kueneza Injili lilimiliki mashamba ya miwa ya Codrington huko Barbados, na watumwa wake walipigwa chapa ya moto yenye jina la Shirika. Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi mwezi Februari 2006. Mwaka uliofuata, maaskofu wakuu wa Kianglikana waliokutana Dar es Salaam walivuka kuja kusali Mkunazini, ikiwa ni miaka 200 tangu Uingereza kupiga marufuku biashara ile. Kama vijana wanatafuta vazi la mnunuzi, kanzu nyeusi ya padre nayo imo sandukuni.

Tena iko 1897. Amri ya mwaka ule ilimruhusu mtumwa kwenda mahakamani kudai uhuru wake, na aliyelipwa fidia ni bwana wake. Masuria hawakuhesabiwa katika amri hiyo mpaka 1909. Natamani sana kuiona sehemu hiyo ikichezwa: hakimu mezani, mwenye shamba anahesabiwa rupia, na mtumwa anatoka mikono mitupu. Na mlangoni suria amesimama na mwanawe, mtoto huru, mrithi wa baba yake. Leo ni nani Pemba atakayeapa kwamba damu yake ni ya upande mmoja tu?

Kwa hiyo mwenye shamba na aonyeshwe akiwa mtu: ana deni, anaswali, anawabembeleza watoto wake, kisha anamnunua mtoto wa mwenzake. Huyo ndiye atakayetutisha. Shetani mwenye pembe hamtishi mtu, kwa kuwa hakuna anayejiona kafanana naye.

Wako wanaosema ni aibu Mkristo kuigiza uovu. Basi wakumbuke Juma Kuu. Injili ya Mateso inaposomwa kwa sauti mbalimbali, waumini hupewa maneno ya makutano wanaotaka asulibiwe, na hakuna aliyewahi kunilalamikia kwamba kapewa nafasi mbaya. Kanisa lilijua mahali pa kutuweka.

Neno moja nitalikataa mpaka mwisho, nalo ni chuma shingoni mwa mtoto. Chuma na kibebwe na sanamu. Watoto wetu wapewe kamba nyembamba ya usumba, ipitishwe begani. Wala mtu asipigwe kwa kujifanya mpaka watazamaji washangilie kama kwenye mchezo wa ng'ombe, maana twajijua.

Waliojiandikisha mpaka sasa kuwa watumwa ni 14. Wa kuwa mwenye shamba hajapatikana. Mazoezi ni Jumamosi, baada ya Sala ya Jioni.