Adabu ya Kumjadili Kocha

Shabiki ana haki ya kusema nani amfundishie timu yake. Anayenunua tiketi ya uwanja wa Fiserv Forum na kuvumilia baridi ya Milwaukee ili awaone Bucks, timu ya mpira wa kikapu ya NBA, hawezi kuambiwa anyamaze. Kinachoudhi ni lugha inayotumika siku hizi, na mashabiki wa Bucks wamejaa mifano.

Kubwa kuliko yote: kocha ni mwana wa watu. Aprili 2023 Bucks waliingia kwenye mchujo wakiwa na rekodi bora ya ligi nzima, ushindi 58 na vipigo 24, kisha wakatolewa na Miami Heat kwa michezo 4 kwa 1. Mchezo wa tano, nyumbani kwao, waliianza robo ya nne wakiongoza kwa pointi 16, wakaupoteza 128 kwa 126 katika muda wa nyongeza. Kocha wao, Mike Budenholzer, alikuwa bado ana nafasi za kusimamisha mchezo na kuwapanga vijana wake, lakini sekunde za mwisho zikayoyoma bila kuzitumia. Lilikuwa kosa, na kulisema ni halali. Yaliyofuata hayakuwa halali: watu wazima walimvua nguo kwa matusi, na siku chache baadaye kibarua chake kikaota nyasi. Ndipo ikajulikana kwamba katikati ya mfululizo huo ndugu yake alifariki kwa ajali ya gari. Mtu alikuwa amesimama kando ya uwanja na msiba mbichi kifuani, huku wenye midomo wakimwuliza kama ana akili timamu. Aliyetukana siku ile na hajaona haya mpaka leo ana kasoro ya malezi, na ushabiki haumtetei.

Familia ya kocha, umbile lake na asili yake haviguswi kabisa.

Anayelaumu na ahesabu yote. Katika mfululizo ule nyota wa Bucks, Giannis Antetokounmpo, aliumia mgongo mchezo wa kwanza, akakosa wa pili na wa tatu. Wa nne Jimmy Butler wa Miami alifunga pointi 56. Wa tano Giannis mwenyewe alikosa mitupo huru 13 kati ya 23, na mitupo huru hairushwi na kocha. Shabiki anayeyaruka hayo yote akabaki na jina moja tu la kulaumu anatafuta mbuzi wa kafara.

Tena awe na kumbukumbu. Mwaka 2021 Budenholzer huyohuyo alipigiwa kelele aondoke, pale Brooklyn Nets walipoongoza 2 kwa 0, mchezo wa pili kwa tofauti ya pointi 39. Hakuondoka. Bucks waliwatoa Brooklyn katika mchezo wa saba, na Julai wakatwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1971. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wazee walilisema zamani, na kila msimu kuna wanaohitaji kukumbushwa.

Anayetaka kocha atimuliwe ataje na mrithi, aeleze pia ni kipi kitakachobadilika uwanjani. "Yeyote ila huyu" si hoja. Baada ya Budenholzer alikuja Adrian Griffin, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kuwa kocha mkuu wa kudumu NBA. Januari 2024 alitupiwa virago akiwa na ushindi 30 na vipigo 13. Ulinzi wa timu ulikuwa dhaifu kweli, na waliolisema hilo kwa takwimu walistahili kusikilizwa. Waliodai tu kwamba hana mvuto walikuwa wanapoteza muda wa wenzao.

Doc Rivers aliyempokea hukumbushwa kila mara kwamba timu zake zimeongoza 3 kwa 1 zikatolewa, mara tatu. Ni kweli, lakini anayelitaja ataje pia ubingwa alioutwaa na Boston mwaka 2008. Kunukuu nusu ya historia ya mtu ni uongo.

La mwisho ni majigambo. Rivers alipomaliza msimu kwa ushindi 17 na vipigo 19, kisha akatolewa na Indiana Pacers, waliomtetea Griffin walianza kuwasimanga wenzao. Giannis hakucheza hata mchezo mmoja wa mfululizo huo, mwenzake Damian Lillard akakosa miwili. Kwa hesabu hiyo, hakuna upande uliokuwa umethibitishiwa lolote.