Stara ya binti na kisu cha daktari

Mama mmoja wa Kisarawe alinifuata Kibaha, ninakosomesha, akiwa na swali zito. Binti yake, miaka 22, hajaolewa, amepigwa altrasaundi na kukutwa na uvimbe wa maji kwenye kifuko cha mayai. Daktari ameshauri upasuaji wa matundu madogo. Daktari huyo ni mwanamume, na baba mtu amekataa katakata. "Ustadhi," akaniuliza, "mwanangu afe na stara yake?"

Ndugu msomaji, tujue kwanza kinachozungumzwa. Vivimbe vingi vya aina hii hutoweka vyenyewe baada ya hedhi mbili tatu, havihitaji kisu. Vingine hukua, na huweza kukisokota kifuko hicho hadi damu isipite. Hapo ni dharura ya saa, si ya wiki. Zamani tumbo lilipasuliwa. Siku hizi hutobolewa matundu machache, takriban sentimita moja au pungufu, tumbo likajazwa gesi, kamera ikapitishwa, uvimbe ukatolewa na mara nyingi kifuko kikabaki.

Mafakihi wana kanuni mbili zisizoachana: dharura huhalalisha lililokatazwa, na dharura hupimwa kwa kadiri yake. Daktari mwanamke hutangulizwa akipatikana. Asipopatikana, mwanamume muaminifu hufunua panapohitajika tu, pasiwe na faragha ya wawili. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyeishi miaka elfu iliyopita, alipoandika juu ya kumtoa mwanamke jiwe la kibofu, alielekeza atafutwe mwanamke mjuzi afanye kazi hiyo kwa maelekezo ya tabibu. Hakusema mwanamke aachwe na jiwe lake.

Jumamosi nikaenda Kisarawe. Mzee ana hoja, wala si mjinga: haya ni katika imani. Nikamuuliza, huyo daktari mwanamke tunayemdai atatoka nyumba ya nani? Akanyamaza, binti alimwachisha shule kidato cha pili. Nami sina pa kujificha, maana darasani kwangu sijawahi kumhimiza msichana hata mmoja asome sayansi.

Ndipo nikagundua kuwa tumejadili saa nzima, na mwenye tumbo hatujamuuliza. Akaitwa. Akajibu kutoka nyuma ya pazia kwamba maumivu yana miezi minne, na kwamba alikuwa akisubiri ruhusa.

Jumatatu walikwenda hospitali wote watatu.