Gari la Siku Gani?

Mtu akiamua kujenga Peugeot 504 kwa kipimo cha moja kwa nane, kitu cha kwanza anachotafuta ni namba. Gari lenyewe lina urefu wa karibu mita 4.5, kwa hiyo lile dogo litafika sentimita 56, la kutosha kuchukua nusu ya meza. Boliti ya milimita 8, ambayo fundi wa Kisekka, soko la vipuri vya magari mjini Kampala, huifungua kwa spana namba 13 bila hata kuitazama, inabaki na unene wa milimita 1. Uzi wa kushonea viti unakaribia unywele. Hesabu hizi zina utamu wake kwa sababu zinabeba ahadi: pima sawasawa, gawanya kwa nane, vumilia miaka kadhaa, na mwishowe utakuwa na gari lile lile, ila dogo. Ahadi hiyo ndiyo ninayotaka kuichunguza, kwa kuwa ndani yake mna wazo kuhusu uaminifu tunalolitumia mbali sana na meza ya mjenzi wa vigari. Tunalitumia tunapoandika historia, tunapomchora marehemu, tunapotoa ushahidi mahakamani. Wazo lenyewe ni kwamba nakala huwa ya kweli kwa kadiri inavyobeba mengi kutoka kwa kitu chenyewe.

Anayeivunja ahadi hiyo mapema ni maumbile. Mwaka 1638 Galileo alikwisha kuonyesha kwamba vitu havipungui kwa mwendo mmoja: ukipunguza urefu mara 8, eneo la uso hupungua mara 64, na ujazo mara 512. Gari la kilo 1,200 likijengwa upya kwa chuma kile kile, mpira ule ule na vioo vile vile, litabaki na kilo 2 na kitu. Springi zake zikitengenezwa kwa vipimo kamili hazitausikia mzigo huo. Kigari kitasimama kimeinua mabega, wakati kila aliyewahi kupanda 504 anakumbuka jinsi ilivyokuwa ikikaa kwa ulaini, nyuma ikiwa imeinama kwa abiria na magunia. Ili kigari kikae kama gari, mjenzi lazima azilegeze springi kuliko vipimo vinavyotaka. Rangi nayo ina ukaidi wake. Ya kiwandani ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na ni kazi ngumu mno kuigawanya hiyo kwa nane na bado ikafunika bati. Vumbi jekundu la Kampala ndilo halipungui hata kidogo. Chembe moja ikitua kwenye boneti ya kigari, mtazamaji anaona kokoto.

Aliyefuata vipimo kwa ukamilifu, basi, amepata gari la uongo, na aliyevikiuka kwa makusudi amekaribia ukweli. Hili halinishangazi sana. Kinachonisumbua ni swali linalofuata: alipovikiuka, aliongozwa na nini? Kwa vyovyote si vipimo.

Mwanaanthropolojia wa Ufaransa Claude Lévi-Strauss, katika La Pensée sauvage ya mwaka 1962, alidai kwamba raha ya kitu kilichopunguzwa inatokana na kukijua kizima kabla ya kuzijua sehemu zake. Kwa mtazamaji ni kweli. Kwa mjenzi naona ni kinyume kabisa. Seti ya Rolls-Royce Phantom II iliyotolewa na kampuni ya Pocher ya Italia, nayo ya moja kwa nane, ilikuwa na vipande zaidi ya 2,000. Mmarekani Louis Chenot alitumia takriban miaka kumi kujenga Duesenberg ya mwaka 1932 kwa kipimo cha moja kwa sita, yenye injini inayowaka. Mtu wa namna hiyo, kwa sehemu kubwa ya kazi yake, hana gari. Ana kitasa, ana kabureta, ana mlango usio na pa kufungwa. Anaishi miongoni mwa sehemu, na ule uzima wa gari kwake ni jambo la kuamini tu. Na vipande havijiamulii vinajenga gari lipi. Lazima awepo mtu aliyekwisha kuamua.

Watoto wanalijua hili vizuri. Katika mitaa ya Kampala, kama ilivyo Mwanza au Kisumu, vizazi vya watoto vimejenga vigari vya waya. Magurudumu ni vifuniko vya chupa au soli ya kandambili iliyokatwa duara. Usukani unapanda kwa waya mrefu au kijiti hadi kifuani mwa mwenye gari, ili akimbie nyuma yake huku akiliongoza. Hakuna anayeuliza urefu wa bampa. Lakini zungusha usukani uone: magurudumu ya mbele yanageuka. Mtoto amezipitia sifa zote za gari, akachagua moja, kutii mkono, akawa mwaminifu kwa hiyo bila kupunguza chochote. Ile Rolls-Royce ya mezani imekusanya karibu kila kitu isipokuwa kwenda. Sisemi mtoto amemshinda mtu mzima. Wote wawili wamechagua, ila mtoto anajua kwamba amechagua.

Chaguo ambalo mjenzi mtu mzima mara nyingi halioni ni la wakati. Gari lina maisha. 504 ilitolewa mwaka 1968, mwaka uliofuata ikatajwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya. Ufaransa iliacha kuunda saluni yake mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuunganisha magari hayo hadi miaka ya 2000. Katika muda huo wote hakuna siku ambayo 504 iliyo barabarani ililingana kabisa na ilivyokuwa jana yake. Nenda Kisekka, pale karibu na Nakivubo, au nenda Ndeeba, uwaulize mafundi. Gari la zamani linaloendelea kutembea Kampala linatembea kwa sababu limekubali kubadilishwa. Giaboksi imetoka kwenye gari jingine, rejeta imechomelewa upya, bampa imenyooshwa Katwe, taa za nyuma ni za aina iliyopatikana siku ile taa zilipohitajika. Mwenyewe bado analiita Peugeot, na ana haki.

Sasa weka pembeni yake kigari cha moja kwa nane chenye kila boliti kama ilivyotoka kiwandani Sochaux. Kigari kinafanana na mchoro wa kiwanda. Gari la Kisekka halifanani tena na mchoro wowote, lakini ndilo lililobeba watu. Wapenzi wengi wa magari ya kale hujibu upesi kwamba ukweli uko kiwandani, na yaliyofuata ni uchakavu. Sikubaliani nao hata kidogo. Siku ya kiwandani ni siku moja kati ya maelfu, tena ni ile ambayo gari lilikuwa bado halijamfanyia mtu yeyote jambo lolote, jema wala baya. Kuipa siku hiyo peke yake heshima ya kuwa gari halisi ni uamuzi, na anayetoa uamuzi anaweza kuulizwa sababu.

Fikiria gari jingine. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia ya Kihindi yenye mashamba. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na mwaka huo familia ya Mehta ikakimbilia Kenya. Pasaka iliyofuata, Aprili 1973, Mehta alishinda mbio za magari za Safari Rally akiendesha Datsun 240Z. Alikuwa amelingana alama na Harry Källström wa Uswidi, na kanuni ya kuvunja sare ikampa yeye ushindi. Baadaye akashinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Kampuni ya Hasegawa ya Japani hutengeneza seti ya Datsun 240Z ya Safari kwa kipimo cha moja kwa 24, ile ambayo Edgar Herrmann alishinda nayo mwaka 1971. Kwenye picha za seti za aina hii, gari huwa limebandikwa namba na stika zote za mashindano, na bodi inang'aa. Hilo ni gari la nusu saa kabla ya kuondoka. Kwa kilomita elfu kadhaa zilizofuata halikuwa hivyo tena.

Anayetaka kuijenga Datsun ya 1973 hawezi kulikwepa swali hili, hasa akiijengea Kampala. Ile ya kabla ya kuondoka ni gari zuri la Kijapani lenye silinda sita na boneti ndefu. Ile iliyorudi Nairobi ikiwa na tope ni gari la mtu aliyekuwa amepoteza nchi miezi michache kabla, akawa wa kwanza. Tofauti kati ya hizo mbili, kwa fundi wa rangi, ni kazi ya alasiri moja: tope, mikwaruzo, kioo kichafu. Kwa wazo la gari ni tofauti kubwa kuliko ile iliyopo kati ya Datsun na Peugeot.

Hata hivyo jambo zito zaidi liko kwenye buti ya 504. Mjenzi hodari huionea fahari buti inayofunguka: bawaba zinazofanya kazi, mkeka wa ndani, jeki, pengine taa ndogo. Kampala, watu wenye umri wa kutosha wanaijua buti hiyo kwa namna nyingine. Magari ya State Research Bureau, idara ya usalama ya Amin, mara nyingi yalikuwa Peugeot, na waliokamatwa walitiwa kwenye buti mchana kweupe, majirani wakitazama. Tarehe 21 Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitolewa Mahakama Kuu akiwa kazini, akatiwa kwenye Peugeot, na hakurudi tena. Februari 1977 serikali hiyo hiyo ikatangaza kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi wamekufa katika ajali ya gari. Walikuwa wameuawa. Gari lilikuwa limefanywa shahidi wa uongo.

Bati la magari ya Bureau halikuwa na tofauti ya hata milimita moja na bati la 504 ya mwalimu aliyepeleka nayo watoto shule. Hapa ndipo ahadi ya vipimo inapofika mwisho wake. Ongeza maelezo hadi kwenye uzi wa kiti, ongeza hadi kwenye maandishi ya kifuniko cha rejeta, na bado hutafikia tofauti kati ya magari hayo mawili, kwa sababu tofauti haimo ndani ya gari. Imo katika siku yake: nani alikuwa kwenye usukani, nani alikuwa nyuma, na walikuwa wakielekea wapi.

Najua hoja ya upande wa pili, na naiheshimu. Kigari ni kazi ya mikono, inasema. Ni subira iliyogeuka umbo, na kumbebesha mjenzi huzuni ya taifa ni kumwonea. Ni kweli kwamba mjenzi hana deni la kutengeneza kila gari likiwa na jeraha lake. Lakini akiiweka 504 nyeupe, safi, buti wazi, mbele ya macho ya Kampala, akasema hili ni gari tu na halina tarehe, amesema jambo lisilo kweli. Tarehe ameiweka. Ni ile ya kiwandani, na ameichagua kwa kutoiuliza.

Wala sitaki nieleweke kwamba maelezo madogo madogo hayana thamani. Yana thamani kubwa, ila ni ya aina tofauti na ile iliyoahidiwa. Ukimwonyesha mzee umbo la jumla lenye magurudumu manne atakuambia ni Peugeot, na mazungumzo yataishia hapo. Ukimwonyesha taa za mbele zenye pembe zile zile, mteremko ule ule wa kifuniko cha buti, kitasa kile kile alichokishika kwa mkono wake, atakuuliza ni ya nani. Kazi ya miaka ya kusugua kwa msasa inalipwa na swali hilo. Usahihi haumpi jibu, lakini bila usahihi swali lisingezaliwa, na mji uliolazimishwa kunyamaza kwa miaka unahitaji vitu vinavyozaa maswali. Hili ndilo linalonifanya niwape wajenzi hawa heshima kubwa kuliko ile wanayopewa na wanaowaita watu wazima wanaocheza.

Mimi ningeombwa nichague, ningejenga ile 504 ndefu yenye safu tatu za viti, gari la abiria, katika mwaka wa uzee wake. Ningeiwekea giaboksi isiyo yake na bampa iliyonyooshwa. Nyuma ingeinama, na springi ningezilegeza bila wasiwasi wowote, maana sasa najua ninamtii nani. Mchoro wa kiwanda ungenisaidia nusu tu ya njia. Nusu iliyobaki ningeipima kwa kuwauliza mafundi kila kipande kilibadilishwa lini, na kilichotangulia kilikufa kwa sababu gani. Na kipande cha kwanza kukitengeneza, kabla ya chasisi, kingekuwa bamba la namba: sentimita chache za bati zenye herufi za Uganda za miaka ile. Bamba likishakuwa mezani, kila kipande kinachofuata kinaweza kuulizwa kama siku hiyo kilikuwapo.