Mbio za bure, gharama za nani?

Wapo wanaosema kukimbia ni mchezo wa bure: barabara ni ya serikali, miguu ni yako. Nami nilisema hivyo nilipoanza hapa Mikumi, nikitoka baada ya swala ya alfajiri kushika njia ya Kilosa (upande wa Hifadhi hakuendeki kwa miguu, kuna tembo). Viatu vya mtumba vikaisha soli, goti likauma, nikanunua vipya kwa shilingi 150,000. Kisha nikaanza kuweka fedha za mashindano ya Dar es Salaam: ada, nauli, malazi.

Utaambiwa Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. Kweli. Lakini Bikila alizoea hivyo. Mimi nimezoea kiti cha ofisi. Kiatu cha kulinda goti sikioni kuwa israfu, mwili nao ni amana.

Swali gumu aliniuliza mama watoto, wala hakuwa na hasira: “Baba Zuhura, shambani ni kilomita nne, unapanda bodaboda. Leo asubuhi umekimbia kumi. Pesa ya bodaboda ya nini?”

Nikakosa jibu. Surat al-Furqaan, aya ya 67, inawasifu wanaotumia kwa wastani, bila israfu wala ubakhili. Je, wastani huo unapimwa kwa bei ya kiatu peke yake? Hivi haki ya nani ilipunguzwa ili kinunuliwe? Kwangu ilikuwa ada ya madrasa ya Zuhura, mwezi mzima, na sikumuuliza mtu. Ustadhi alinyamaza kwa staha tu.

Ada nimeilipa kwa fedha za mashindano. Viatu ninavyo bado, na shambani nakwenda navyo.