Meno Sita ya Dani

Kanda yenyewe ilikuwa chini ya kitanda cha mama, Nyalenda, ndani ya mfuko wa karatasi. Mtu alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu: HARUSI 1997. Baba alifariki 2002, nikiwa na miaka mitatu. Picha zake tunazo chache, na zote amesimama wima kama anangoja kugongwa mhuri. Kwenye kanda hii peke yake ndiko anatembea, anacheka, anamfuta mamake jasho.

Niliipeleka kwa fundi Kondele, mmoja wa wale ambao bado wana deki inayofanya kazi. Akaniuliza kama nataka "kama ilivyo" ama "safi". Safi ni mia tano zaidi. Akili unde ingeng'arisha kila kitu, alisema, mpaka nihesabu vifungo vya shati. Nikalipa. Nani angekataa kuuona uso wa babake?

Ilikuwa safi kweli. Halafu dani, mamake baba, akacheka, na nikaona meno yake ya chini. Yote.

Dani alikuwa mtu wa zamani. Kama Waluo wengi wa rika lake, aling'olewa meno sita ya chini akiwa msichana. Aliishi nasi mpaka nilipofika darasa la tano. Pengo lile nililijua kama ninavyojua mlango wetu. Programu ilikuwa imemrudishia meno bila kumwuliza.

Niliacha chuo mwaka wa pili, uhandisi wa umeme, karo ikiwa imekwama. Lakini somo la televisheni nililipenda, na hii ndiyo mara ya kwanza limenifaa. Televisheni yetu ya analojia, kabla haijazimwa 2015, ilitumia mfumo wa PAL: mistari 625, picha 25 kwa sekunde. Kila picha ilichorwa kwa nusu mbili, mstari mmoja ukichorwa na mwingine ukirukwa, kisha ile iliyorukwa ikajazwa. Idadi hiyo ya mistari haibadiliki. Kinachobadilika ni kilichomo ndani ya mstari mmoja. Humo hamna vitone vya kuhesabu. Kuna umeme tu unaopanda penye mwanga na kushuka penye giza. Kadiri unavyoweza kupanda na kushuka haraka, ndivyo picha inavyobeba mambo mengi. Picha ya hewani ilipewa takriban megahezi 5. Kanda ya VHS, iliyoletwa na JVC ya Japani 1976, hubeba kama 3 tu.

Watu husema VHS ina "mistari 240", na wengi hudhani ni sehemu ya zile 625. Sivyo. Ni milia ya wima, myeusi na myeupe, ambayo unaweza kuitenganisha katika upana ulio sawa na kimo cha picha. Kwa upana wote wa skrini ya zamani inafika kama 320. Uso wa dani ulichukua sehemu moja hivi ya ishirini ya upana huo. Piga hesabu: milia 16. Mdomo wake, minne au mitano. Rangi nayo hupewa nafasi ndogo zaidi, ndiyo maana gauni jekundu la msimamizi linamwagikia ukutani.

Kwa milia minne, hakuna programu inayoweza kuona meno. Na haikuyaona. Iliyakisia kutokana na nyuso za watu wengine ilizofunzwa nazo, na wengi wao wana meno ya chini.

Utaniambia hata kanda ni uongo: kamera ilichagua, mkanda ukapunguza. Kweli. Lakini kupunguza na kuongeza ni mambo mawili. Hapa Obunga tunakula mgongo wazi. Minofu ya mbuta imeenda kiwandani na ng'ambo, sisi tumebaki na mifupa yenye nyama kidogo, na kila anayekula anajua kilichokosekana. Sasa mtu akiibandika mifupa ile unga uliofinyangwa vizuri, auze kama mbuta mzima, hapo pana kesi. Ukungu wa VHS unakiri: hapa sikuona. Picha safi haikiri chochote.

Ila kilichoninyima usingizi hakikuwa meno. Kosa la dani nililigundua kwa sababu nilimjua. Baba je? Kile kidevu ni cha nani? Siku tatu nzima, nikifunga macho, nilimwona yule wa fundi.

Nilimwonyesha mama nikiwa na hotuba tayari kuhusu ukweli, halafu nifute. Alipoona meno ya dani alicheka mpaka machozi. Kisha akamtazama baba, kimya.

"Mama, ndiye?"

"Karibu."

"Karibu ni nini sasa?"

"Wuoda, mimi nilimjua. Hii ikikosea, narekebisha kichwani. Niachie. Wewe ndiye huna cha kurekebishia."

Hotuba yangu iliishia hapo. Picha ile ile, kwake haina madhara, kwangu ni sumu. Na mama ana presha. Siku itafika ambapo hakutakuwa na mtu wa kusema "karibu". Wanangu wataona ngozi laini na kuamini. Kwa hiyo sikuifuta. Nilibadilisha jina la faili: imeongezwa na mashine, dani hakuwa na meno ya chini.

Nikarudi Kondele kuchukua ile ya "kama ilivyo". Fundi alicheka. "Msee, wengine wanalipa watoke huko, wewe unalipa urudi."

Jumapili tuliitazama na mama, ukungu na yote. Baba alipogeuka, aliisimamisha kwa kidole.

"Hapo kuna kovu. Alianguka na baiskeli, barabara ya Dunga."

Kwenye kanda, mahali pale ni kivuli tu. Kwenye picha safi hapana kitu. Nimeandika kwenye daftari: kovu, kidevu, upande wa kushoto, baiskeli.