Mtoto Aliyetumwa Sigara

Mwaka 2003 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, na ndani yake likakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Mwaka huohuo nchini China mfamasia aitwaye Hon Lik alibuni sigara ya kielektroniki, kifaa cha betri kinachogeuza kimiminika chenye nikotini kuwa mvuke wa kuvuta. Watunga sheria wetu wasingeweza kukijua. Leo kifaa hicho kina ladha ya embe na stroberi, kina rangi za kuvutia watoto, na kijana wa Katesh au Haydom, huku kwetu Manyara, amekwisha kukiona kwenye simu hata kama hajawahi kukishika. Ndiyo maana wapo wazazi na walimu wanaosema kipigwe marufuku kabla hakijazoeleka.

Nawaelewa, na ningepewa kura ningeipiga upande wao. Uganda ilizikataza sigara za kielektroniki katika sheria yake ya mwaka 2015. Ethiopia ilifanya hivyo mwaka 2019, na India mwaka uleule. Ubongo wa kijana unaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na nikotini ikimkuta mapema inamshika kwa nguvu zaidi. Sioni faida ya mfanyabiashara yeyote inayoweza kulinganishwa na jambo hilo. Lakini swali lililo mbele yetu ni kama marufuku hiyo itawazuia vijana wa Mbulu na Hanang' wasivute. Nadhani peke yake haitawazuia, na sababu zenyewe hazimo ndani ya kile kifaa.

Angalia mahali ambapo mtoto wa huku anakutana na tumbaku. Siku ya mnada, iwe Katesh, Haydom au Dongobesh, sigara zinauzwa mojamoja kwenye sinia, pembeni ya peremende na njugu. Vijana wa bodaboda wanachangia moja watu watatu wakisubiri abiria. Vibarua wa vitunguu saumu kule Mbulu na wa mashamba ya ngano ya Basotu wanavuta asubuhi, na ukiwauliza watakwambia ni baridi ya milimani. Kule Yaeda Chini Wahadzabe wana kiko chao kifupi cha jiwe, kinachozunguka mkono hadi mkono. Nyumbani bibi ana kikebe cha ugoro. Kumpelekea mzee tumbaku ni heshima, na mgeni anayeijua heshima hiyo hupokelewa vizuri. Tumbaku imekaa nasi siku nyingi, imo katika salamu na katika vikao, na mtoto anaiona mikononi mwa watu anaoambiwa awaheshimu.

Kisha yupo mtoto anayetumwa. Ana miaka tisa, anafika kibandani, anaweka sarafu mezani na kusema ametumwa na baba. Muuzaji anamjua baba. Kumnyima mtoto ni kumnyima mzee, na kijijini hakuna anayetaka kumkosea mzee kwa kitu cha bei ndogo namna ile. Sheria ya 2003 inaishia hapo, kimya kabisa, bila askari wala hongo. Mtoto anarudi nyumbani na sigara kiganjani. Mara nyingine anaambiwa aende jikoni akaiwashe kwa kaa la moto, na sigara haiwaki vizuri bila kuvutwa. Pafu lake la kwanza analivuta kwa utii. Mtoto huyo hakushawishiwa na tangazo wala na rafiki mbaya. Ametenda lile tulilomfundisha kuwa ni adabu.

Sisemi kwamba marufuku ni kazi bure. Mkoa wetu umeona moja iliyofanya kazi. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa Mirerani humuhumu Manyara, alitangaza kwamba pombe kali za viroba zitakoma kuanzia Machi 1. Ubishi ulikuwepo, hasa kwa wenye mzigo ghalani, lakini zile paketi ndogo alizoweza kuzificha mwanafunzi kwenye soksi zilitoweka madukani. Gongo, kwa upande wake, imekatazwa na sheria kwa miongo mingi na bado inapikwa. Tofauti yake iko wazi: kiroba kilitoka kiwandani, kikahitaji mashine, lori na wakala, na serikali ikijua pa kushika inashika. Gongo inatoka nyuma ya nyumba ya jirani, na jirani huyo anasomesha watoto kwa fedha hizo. Sigara ya kielektroniki iko kati ya viwili hivi. Inatengenezwa viwandani, nyingi zikitoka mji wa Shenzhen kulekule China, lakini inaingia katika mfuko wa suruali na kuuzwa kwa ujumbe wa simu. Marufuku itaipunguza na kuipandisha bei, na hilo si dogo kwa kijana asiye na fedha.

Ila kijana huyohuyo ataiona sigara ya kawaida pale pale kwenye sinia. San Francisco, Marekani, ilikataza tumbaku na mvuke wenye ladha mwaka 2018. Miaka mitatu baadaye mtafiti Abigail Friedman wa Chuo Kikuu cha Yale akaandika kwamba wanafunzi wa huko walielekea zaidi kuvuta sigara za kawaida kuliko wenzao wa wilaya nyingine. Wengine waliipinga hesabu yake, wakisema takwimu zilikusanywa kabla marufuku haijaanza kusimamiwa, na hoja yao ina uzito. Nchi hiyohiyo kwa jumla imepata mafanikio: mwaka 2019 asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari za juu walikuwa watumiaji wa sigara za kielektroniki, na mwaka 2024 walibaki asilimia 7.8, huku uvutaji wa sigara za kawaida ukishuka pia. Katikati ya miaka hiyo umri wa kuuziwa tumbaku ya aina yoyote ulipandishwa hadi miaka 21. Kwangu mimi neno la kushika hapo ni hilo la aina yoyote. Anayefunga mlango mmoja na kuacha wa pili wazi amemwonyesha kijana pa kupita.

Hapa ndipo linaponisumbua jambo lenyewe, na si jambo la kitaalamu. Sisi wenye miaka hamsini hatuvuti mvuke wa embe. Kuukataza hakutupunguzii chochote: hatuachi mazoea, hatukosi kodi, hatugombani na rafiki. Sigara ya kawaida ina wenyewe. Ina wakulima wa Urambo na Chunya ambao ada za shule za watoto wao zinatoka kwenye tumbaku, ina kiwanda Dar es Salaam, na ina baba mwenye pakiti mfukoni. Mgonjwa wa saratani ya koo kutoka Basotu atasafirishwa hadi Moshi, Mwanza au Dar es Salaam, na kama ni tumbaku iliyomfikisha huko, basi ni hii ya zamani tunayoivumilia. Vijana wanatupima kwa kile tunachokubali kukiacha. Wakituona tunakataza cha kwao tu, watatusikia, kisha watafanya walilotuona tukifanya.

Nchi hii ya Hanang' imewahi kuwa na makatazo yenye nguvu bila gari la polisi. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyeishi na Wabarbaig na kuandika habari zao miaka ya 1960, alieleza baraza la wanawake lililoweza kukutana na kumtoza faini ya ng'ombe mwanamume aliyemkosea mkewe. Mwanamume alilipa. Waliomhukumu alikutana nao kila siku kisimani na njiani, na watoto walimwona ng'ombe akitoka zizini.

Halmashauri ya kijiji hadi leo inaweza kutunga sheria ndogo, na mkutano mkuu wa kijiji ukaijadili. Ningependa kuuona mkutano mmoja, Dongobesh au Endasak, ukikataza kabisa kumtuma mtoto tumbaku ya aina yoyote, na ukamtoza faini aliyemtuma pamoja na aliyemuuzia, mbele ya watu. Sigara za kielektroniki zitajwe humohumo, mstari mmoja na sigara za kawaida. Utakuwa mkutano mgumu, maana wengi wa watakaoinua mikono wana pakiti mfukoni, na mwenyekiti mwenyewe huenda akawa mmoja wao.

Nimejiuliza pia kuhusu bibi na kikebe chake. Singemnyang'anya; ana miaka themanini na ugoro ni rafiki yake wa jioni. Lakini mjukuu asiende kumchukulia. Aende mtu mzima, na asipokuwepo, bibi asubiri hadi kesho, au ajikongoje mwenyewe hadi dukani na magoti yake yale.